Meli iliyozunguka dunia kwa ajili ya karafuu

Assalaam alaykum Wapemba wenzangu, na nyote mnaotazama kutoka Unguja, Tanga, Mombasa hadi Maskati. Leo nipo Sevilla, Hispania, ukingoni mwa mto Guadalquivir. Ngojeni nigeuze kamera. Mnaiona ile meli ya mbao karibu na mnara wa Torre del Oro? Ile ni nakala ya Victoria, meli ya kwanza kuizunguka dunia nzima. Tazameni udogo wake! Jahazi la Wete lingesimama ubavuni mwake na lisione haya.

Hapa watoto wa skuli wanafundishwa kwamba ilikuwa safari ya ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi niliyelelewa na pesa za karafuu, nikiisoma habari hii naona biashara tupu. Mwaka 1519 Ferdinand Magellan, Mreno aliyehamia kwa mfalme wa Hispania, aliondoka na meli 5 na watu wapatao 240. Hakutumwa kuizunguka dunia. Alitumwa kuifikia Maluku, Indonesia ya leo, kwa kupitia magharibi, maana zama hizo karafuu hazikuwa zikiota kwengine ila huko. Njia ya mashariki, hii ya kupita kwetu, Wareno walikuwa wameikalia. Na Magellan aliijua vizuri: mwaka 1505 aliondoka Lisbon na msafara wa Francisco de Almeida, uleule ulioiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Basi mkisikia anaitwa mvumbuzi, mjue na kazi alianzia wapi.

Pasifiki iliwatoa roho. Miezi 3 na siku 20 hawakupata chakula kipya. Antonio Pigafetta, Mtaliano aliyekuwemo melini akiandika kumbukumbu, anasema biskuti zilishageuka unga wenye funza, unanuka mkojo wa panya. Wakabandua ngozi zilizofungwa kwenye foromali, wakaziroweka baharini siku 4 au 5, wakazichoma, wakala. Panya mmoja aliuzwa nusu dukati, sarafu ya dhahabu ya zama hizo, na hata kwa bei hiyo hapatikani. Magellan mwenyewe aliuawa Aprili 1521 kisiwani Mactan, Ufilipino, kwa kujitia kwenye ugomvi usiomhusu. Maluku hakuiona, na safari hakuimaliza, ila sifa kapewa yeye.

Kipande ninachokipenda mimi ni Tidore, kisiwa kimoja cha huko Maluku. Novemba 1521 meli 2 zilizobaki zikatia nanga pale. Sultani wao, al-Mansur, Muislamu, akawakaribisha vizuri, halafu akawaomba jambo moja: nguruwe waliomo melini wauawe. Wakawaua, naye akawafidia kwa mbuzi na kuku. Mnauona ustaarabu huo? Kisha biashara ikaanza: pima 10 za kitambaa chekundu kizuri kwa zaidi ya kilo 180 za karafuu. Siku za kuondoka kila baharia akitaka fungu lake mwenyewe, wengine wakauza mpaka mashati.

Kati ya meli zile 2, Trinidad ikavuja, ikaachwa. Victoria, chini ya nahodha Juan Sebastián Elcano, ikakata Bahari ya Hindi mbali kusini, ikikwepa bandari zote za Wareno. Tarehe 6 Septemba 1522 ikaingia Sanlúcar, hapo mto huu unapomwaga baharini, ikiwa na watu 18. Kumi na wanane, jamani! Lakini ilikuwa na magunia 381 ya karafuu, na mauzo yake yakarudisha gharama za msafara mzima, meli zote 5. Mfalme akampa Elcano nembo: karafuu 12, kungumanga 3 na vijiti 2 vya mdalasini. Karafuu kwenye nembo ya ukoo! Sisi tumezianika barabarani, gari likipita tunapiga kelele.

Ehe, nimenunua kichupa cha karafuu dukani, tazameni. Hii kichwa kimekatika, naibonyeza kwa ukucha, hata mafuta haitoi. Mnunuzi wa Pemba angenirudishia gunia langu.

Kwetu zilifika baadaye sana. Waholanzi walipoishika Maluku waliikata mikarafuu nje ya visiwa walivyovilinda, ili bei isishuke. Mfaransa Pierre Poivre akafanikiwa kuipeleka miche Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sayyid Said akaamrisha ipandwe kila shamba, na waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa, hilo tusiliruke. Mwaka 1872 kimbunga kikang'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Ndugu zangu wa Unguja msinikasirikie, ndiyo tangu hapo karafuu zikawa zetu.

Leo meli wameifunga, ila nimeambiwa mgeni anaruhusiwa kushuka mpaka ngamani. Wanaotaka kuona yalipopakiwa yale magunia waniandikie hapo chini, nirudi na kamera.