Pomboo na bakteria wa ziwani

Mabibi na mabwana, jioni hii nawaletea viumbe wawili ambao ni nadra kutajwa pamoja. Wa kwanza ni pomboo, yule mwenye mdomo uliochomoza kama shingo ya chupa, anayeitwa kitaalamu Tursiops truncatus. Wa pili ni Microcystis, bakteria wa kijani anayeishi maziwani. Pomboo aweza kufikia mita 3 na zaidi. Seli moja ya Microcystis ni mikromita chache tu, na haina hata kiini.

Ukubwa tuuache hapo. Nataka tutazame namna wanavyopanda na kushuka majini, maana kila mmoja ana anachokifuata huko juu.

Bakteria anafuata mwanga. Ndani ya seli yake mna vifuko vya gesi vyenye kuta za protini, na hivyo ndivyo vinavyoiwezesha kuelea. Mchana hutengeneza wanga kwa nguvu ya jua. Wanga ukirundikana, seli huwa nzito, ikazama. Usiku wanga hutumika, mzigo ukapungua, seli ikaibuka tena. Hana ubongo, hana misuli! Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanistaajabisha.

Pomboo anafuata hewa, na hata usingizi wake unatawaliwa nayo: nusu ya ubongo hulala, nusu nyingine ikikesha ili aibuke kupumua. Akipiga mbizi, kani ya maji humbana kifua, mapafu yakanywea, wala hadhuriki, kwa kuwa mbavu zake hukunjika na akiba ya oksijeni imo katika damu na misuli. Akirudi juu, mapafu hufunguka. Kifuko cha bakteria hakiwezi hilo. Kikibanwa kupita kiasi huvunjika moja kwa moja, na seli hulazimika kujenga kingine. Kwangu mimi, tofauti yao kubwa iko hapo.

Na hiyo oksijeni ilitoka wapi? Microcystis ni wa ukoo wa sainobakteria, ambao wahenga wake ndio walioanza kuijaza angani, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Wahenga wa pomboo walikuwa wanyama wa nchi kavu; walirudi majini yapata miaka milioni 50 iliyopita, lakini mapafu hawakuyaacha. Ndiyo maana pomboo hadi leo hupanda juu kuitafuta gesi ambayo ukoo wa yule bakteria uliitangulia kuitoa.