Kupigiana Taa Barabara ya Gulu

ZAINABU: Hamjambo wasikilizaji wetu wa Uganda, kuanzia Arua mpaka Busia. Leo tulipanga kuzungumzia spidi kwenye barabara kuu, na mambo matatu ya kuwaachia nimeyaandika hapa. Lakini Haji, kwanza nikueleze ya Jumanne.

HAJI: Siku ulipotoka Gulu.

ZAINABU: Natoka Gulu na basi, nimekaa kiti cha mbele kabisa, dashibodi yote naiona. Tumeshaipita Karuma, tumeipita Kigumba, mshale uko 110. Basi hilo, Haji! Basi mwisho wake 80.

HAJI: Na spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia spidi isizidi?

ZAINABU: Sijui waliifanya nini. Sasa tunakaribia daraja la Kafu, lori linalotoka upande wa Kampala likapiga taa mara mbili. Dereva hakuuliza mtu. Katoa mguu kwenye mafuta, mshale ukaanza kushuka: 90, 70, 60. Akavuta mkanda, akaufunga. Hatujaenda mbali, trafiki wawili hao chini ya mti, sare nyeupe, mmoja kashika tochi ya kupimia spidi. Tukapita taratibu, kila mtu kanyamaza. Kona moja tu baadaye mkanda umefunguliwa, mshale umerudi 110.

HAJI: Abiria walisema nini?

ZAINABU: Mama mmoja alisema, "Ssebo, mpola mpola," yaani bwana, pole pole. Kijana wa nyuma yake akamjibu, tumechelewa, muache dereva afanye kazi.

HAJI: Mwenye lori alifanya vizuri.

ZAINABU: Vizuri vipi?

HAJI: Ngoja, Mwalimu. Wewe umeona taa mbili, mimi nimeona lugha nzima. Nimeanza utingo, nikaja kuendesha, Malaba mpaka Elegu, na barabara ile huendeshi peke yako. Uko nyuma ya tanki la mafuta, huoni mbele. Mwenye tanki akiwasha indiketa ya kulia, anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita, mbele kweupe.

ZAINABU: Na unamwamini? Mtu ambaye hata uso wake hujauona?

HAJI: Namwamini, ila na mimi nachungulia. Usiku tukipishana, anawasha ya kulia ili nijue ubavu wa trela lake unaishia wapi, maana kuna matrela yana taa moja tu. Ukikuta matawi yamewekwa barabarani, jua mbele kuna lori limekufa, na pengine halina hata kiakisi kimoja. Ukipigwa fulu, zile taa kali, mchana, punguza. Anayekupigia hana nafasi ya kukueleza. Huenda ni ng'ombe wanavuka kule Nakasongola, au nyani wa Karuma, au ajali. Au trafiki.

ZAINABU: Hapo kwenye trafiki ndipo ninapokataa.

HAJI: Nilijua.

ZAINABU: Hayo mengine yote nakubali, hata mengine sikuyajua. Lakini dereva wetu hakufikiria ng'ombe. Alifunga mkanda! Mtu anayeogopa ng'ombe anafunga mkanda? Lugha yenu hiyo mmeshaiharibu, Haji. Siku ng'ombe wapo kweli, dereva atadhani ni afande, atapunguza kwa ajili ya afande, akikuta hakuna mtu chini ya mti anakanyaga tena.

HAJI: Lakini alipunguza. Sheria inataka nini? Mwendo upungue. Ulipungua.

ZAINABU: Kwa kona moja!

HAJI: Sasa hiyo lawama mpe aliyejificha chini ya mti. Mimi nataka afande asimame Migyera pale sokoni, wazi, watoto wanapovuka na wauza maji wanapokimbilia madirisha. Pale hata ukinipigia taa hazina kazi, nimeshamwona. Akijificha kilomita kadhaa porini, anatafuta spidi au anatafuta chai?

ZAINABU: Wako wanaotafuta chai, siwatetei. Lakini akisimama mahali pamoja kila siku, madereva watakuwa wapole mahali hapo tu. Ndiyo maana mimi nataka kamera. Kamera haipigiwi taa, haina mfuko wa chai.

HAJI: Kamera zilikuja. Juni 2025, faini inatoka yenyewe. Ukizidisha mpaka kilomita 30 kwa saa, shilingi 200,000. Ukivuka hapo, 600,000. Haikudumu hata wiki mbili, wizara ikaisimamisha.

ZAINABU: Kwa kelele za watu.

HAJI: Za haki! Mtu anaendesha barabara pana, anaambiwa hapa ni 30, kibao hajakiona. Huwezi kumtoza mtu kwa kitu ambacho hukumwonyesha.

ZAINABU: Basi wekeni vibao, kamera zibaki. Haji, nikukumbushe Kiryandongo, Oktoba 2025. Mabasi mawili yanatoka pande mbili, kila moja linaovateki, saa sita na kitu usiku. Tumezika zaidi ya watu 40. Saa ile kuna afande gani na tochi?

HAJI: Hakuna.

ZAINABU: Hakuna. Na barabara ni ile ile niliyopita mimi Jumanne.

HAJI: Mwalimu, msiba ule uliniumiza, na wewe unajua. Lakini ule ulikuwa wa kuovateki. Hapo ndipo ile indiketa ya kulia ingewaokoa. Ukiwafundisha madereva kwamba kupeana ishara ni dhambi, umewanyima kitu cha pekee walichonacho usiku.

ZAINABU: Sijasema ishara ni dhambi. Nimesema kumficha mwenye spidi 110 na abiria nyuma ni dhambi. Lile lori lilimsaidia nani? Halikunisaidia mimi niliyekaa kiti cha mbele. Angekamatwa pale, tungefika Kampala tukiwa 80, au tungefika na dereva mwingine.

HAJI: Au angetoa elfu ishirini, mkaendelea na 110 mkiwa mmechelewa zaidi.

ZAINABU: Basi hiyo ni kesi ya afande.

HAJI: Na mimi ndiyo kesi ninayoisema tangu mwanzo.

ZAINABU: Kwa hiyo ukikutana na trafiki kesho, wewe utampigia taa anayekuja?

HAJI: Nitampigia.

ZAINABU: Hata ukiona ni basi, na unaona linavyokimbia?

HAJI: Hasa basi. Nataka lipunguze.

ZAINABU: Haji, mimi hapo sitoki.

HAJI: Na mimi siko tayari kutoka.

ZAINABU: Haya, muda ndio huo, fundi ananionyesha dakika mbili. Yale mambo matatu, ya kumwambia dereva apunguze bila kugombana naye, ya wapi pa kupiga simu, na ya mikanda ya nyuma, hatukuyagusa hata moja.

HAJI: Hilo la kwanza lingenifaa, tungeanza nalo.

ZAINABU: Litasubiri. Wenye malori na mabasi, tutumieni sauti zenu, mtuambie mnampigia nani taa na kwa nini. Abiria nao pia, msiwaachie madereva peke yao.

HAJI: Na mkirekodi, muwe mmeegesha.