Oili ya Giaboksi ya Gia za Mkono: Lini Imwagwe, Nini Kiingie

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote, madereva na mafundi. Mada yetu ni oili ya giaboksi kwa magari ya gia za mkono. Otomatiki ni habari nyingine kabisa. Tukiichanganya hapa hatutoki leo.

Oili ya injini kila mtu anaijua. Ina kijiti cha kupimia, ina taa kwenye dashibodi. Giaboksi nyingi za mkono hazina kijiti wala taa. Na oili yake si waja leo waondoka leo: ikishaingia inakaa miaka, gari linauzwa mara tatu bila mtu kuuliza mle ndani mna nini. Ukiniuliza kinachoua giaboksi, nitapanga hivi: kwanza oili kupungua, pili oili isiyo yake, halafu ndipo oili kuchoka.

Lini imwagwe? Mwamuzi ni kitabu cha gari. Kama hakipo, kadiria kilomita 80,000 kwa gari la nyumbani linalotembea lami ya Segera, na 40,000 kwa linalobeba mzigo, linalofundishia udereva, au linalopanda Soni kwenda Lushoto kila siku. Gari ulilonunua mkononi mwa mtu na hujui lilikotoka, mwaga sasa. Na lililopita kwenye mafuriko usilisubirishe. Giaboksi ikiwa moto halafu ikazama ghafla, hewa ya ndani hupoa, husinyaa, na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, yameingia. Hapo kumwaga mara moja hakutoshi: jaza, tembea siku mbili tatu, mwaga tena.

Sasa chupa, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Dukani watu huomba "oili ya gia, tisini". Tisini ni uzito tu, yaani oili inavyotiririka, nyepesi au nzito; haikwambii kila kitu. Tafuta herufi GL, daraja la oili ya gia. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ambako meno yanasuguana kwa kuburuzana chini ya mzigo mkubwa, kwa hiyo ina viungo vya salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Ndani ya giaboksi kuna ringi za sinkronaiza, nyingi za shaba ya njano. Kazi yake ni kushika koni ya gia ili mwendo ulingane kabla meno hayajakutana. Viungo vya GL-5 vinaweza kuila shaba hiyo pole pole, hasa kwenye joto. Hata chupa zilizoboreshwa zisile shaba, zinaweza kuifanya ringi iteleze pale inapotakiwa kushika, nawe ukasikia "krrr" kila unapoingiza namba mbili. Kwa hiyo kitabu kikisema GL-4, weka GL-4. Kikiruhusu GL-5, sawa. Magari mengi madogo ya Toyota yanakwenda na 75W-90. Honda nyingi zina oili yake maalumu, nyepesi kuliko hiyo. Na ziko giaboksi za mkono zinazotumia haidroliki ya otomatiki, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Msishangae, na msizijazie tisini.

Kiasi: Corolla zenye giaboksi za jamii ya C (zile za Toyota ambazo namba yake huanza na herufi C) huchukua lita 1.9. Nunua lita mbili au tatu kulingana na gari lako, lakini kipimo halisi ni tundu la kujazia lenyewe, nitalifikia.

Tembeza gari dakika kumi na tano ili oili ilainike. Liegeshe pahali tambarare, zima, vuta breki ya mkono, weka kabari. Ukilinyanyua, nyanyua mbele na nyuma lilale sawa, juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kulala chini yake. Kisha, kabla ya kugusa plagi ya chini, yaani bolti ya kumwagia oili, fungua plagi ya kujazia iliyo ubavuni. Toyota nyingi ni spana ya 24. Sababu ni moja: ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari halina oili na halina pa kuitia. Isugue kwa brashi ya waya kwanza; chumvi ya pwani hii huzigandisha kwelikweli.

Fungua ya chini, iache ichuruzike dakika kumi na tano, na ipime iliyotoka. Kama gari la lita 1.9 limetoa lita moja, mna uvujaji wa kutafuta. Angalia sumaku ya plagi. Ute wa kijivu ni kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu ndani ya oili ni sinkronaiza; shaba haishikwi na sumaku. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi, na hapo oili mpya haiponyi kitu.

Rudishia plagi ya chini na wosha mpya. Ganda ni la aluminiamu, msikaze kwa kuning'inia. Nyuzi zikikatika mmejiongezea kazi. Kwa giaboksi za jamii ya C kipimo cha kukaza ni nyutonimita 39. Jaza kwa pampu ya mkono, au kwa mpira na faneli kutoka juu, mpaka oili ichungulie kwenye mdomo wa chini wa tundu na kudondoka. Isizidi hapo. Ikizidi hutafuta pa kutokea kwenye sili, na ikivuja upande wa klachi, pleti inateleza.

Swali limetoka pale nyuma: rivasi inakwaruza, oili itasaidia? Rivasi nyingi hazina sinkronaiza kabisa. Ikikwaruza gari limesimama, kagua kwanza kama klachi inaachia. Na mluzi unaosikika kwenye frii, unaokoma ukikanyaga klachi, mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia.

Oili chafu iwekeni kwenye dumu lenye kifuniko, si mtaroni. Mitaro yetu inaelekea baharini. Baada ya kilomita mia hivi, laza kadibodi chini ya gari usiku, asubuhi itazame.