Dawa za Saikosisi za Kizazi cha Pili: Zinavyofanya Kazi na Mambo ya Kumwangalia Mgonjwa

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu wa wagonjwa, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni mliotoka Nanyamba na Tandahimba tangu alfajiri mkaacha korosho zinawasubiri.

Leo tunaongea kuhusu dawa za saikosisi za kizazi cha pili: risperidoni, olanzapini, kwetiapini, aripiprazoli na klozapini. Jambo langu kubwa nalisema mapema, kabla hamjachoka: dawa hizi zinasaidia, lakini kila moja ina mahali pake inapoumiza, na wagonjwa wengi wanaziacha kwa madhara ambayo hakuna mtu aliyekaa akawauliza. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa wa skizofrenia karibu 1,500. Asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kuisha. Hao ni watu wa Marekani, wenye hospitali na vipimo vyote. Sisi huku tunamlaumu mgonjwa kwamba ni mkaidi.

Saikosisi ni hali ya mtu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushikilia kwa yakini jambo lisilo kweli: jirani anamtilia sumu, redio inamtaja jina. Inaonekana kwenye skizofrenia, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unampata mtu 1 katika kila watu 300. Inaonekana pia kwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi: mtu anapopanda, anakesha siku tatu hana usingizi wala uchovu, na pesa yote ya msimu anaigawa kwa wapita njia. Lakini malaria kali, kaswende, VVU, kifafa, bangi na pombe vinaweza kuleta sura hiyo hiyo. Ndiyo maana daktari anapima damu kwanza, hata kama familia nzima imeshakubaliana kwamba kijana katupiwa jini.

Sasa, dawa inafanyaje kazi? Fikirini siku ya mnada wa korosho. Watu wamejaa, wengine wanapiga soga, pikipiki zinapita, mtoto analia, na wewe huyasikii hayo. Ikitajwa bei ya kilo tu, masikio yanasimama. Katika kuchagua lipi lina maana kwako, ubongo unatumia kemikali iitwayo dopamini. Kwenye saikosisi dopamini inazidi katika njia hiyo, na kila kitu kinasimamisha masikio. Honi ina ujumbe, kikohozi cha jirani ni ishara, na mgonjwa anaanza kutafuta maelezo ya ishara zote hizo. Dawa inakaa kwenye vipokezi vya dopamini, yaani milango inakopokelewa, na kuzuia sehemu ya ujumbe huo. Makelele yanapungua kwanza. Imani yenyewe, kwamba jirani ni adui, inachelewa kulegea. Mara nyingi tunasubiri wiki 4 hadi 6 ndipo tuseme dawa imefaa au haikufaa. Anayeacha siku ya tano kwa sababu haoni mabadiliko, hajaipa dawa nafasi.

Dawa za kwanza zilikuwa klopromazini, ambayo Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, halafu haloperidoli, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1958. Siwezi kuzidharau. Zimewarudisha watu wengi nyumbani, na bado tunazitumia kila siku. Tatizo ni kwamba dopamini ina njia zaidi ya moja kichwani. Ipo inayoongoza mwendo wa misuli, na ipo inayozuia homoni ya maziwa, prolaktini. Dawa ya zamani inabana kote. Mgonjwa anatembea mikono imekakamaa, anatetemeka, anatoa mate. Wengine, hasa vijana, ndani ya siku chache za kwanza shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka. Usiku wa manane mama anakimbilia kwa mganga akidhani jini limerudi na wenzake. Mama, hiyo ni dawa. Mleteni hospitali, ipo sindano ya kulegeza misuli ile, na kwa kawaida nusu saa haipiti.

Kizazi cha pili kinazuia dopamini pia, ila kinazuia na kipokezi kimojawapo cha serotonini, kemikali nyingine ya ubongo. Katika njia ya mwendo serotonini huibana dopamini. Ukiizuia, dopamini inatoka kidogo na misuli inapata nafuu. Kwetiapini na klozapini zina tabia nyingine: zinashika kipokezi cha dopamini kwa ulegevu na kuachia haraka. Aripiprazoli inakaa kwenye kipokezi na kukiamsha kidogo, hivyo palipozidi inapunguza na palipopungua inaongeza. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba, kwa dawa nyingi za kundi hili, nafuu huja pale vipokezi kama asilimia 65 vinapokuwa vimeshikwa, na vikikaribia asilimia 80 kukakamaa kunaanza. Kwa hiyo ndugu anayemwongezea mgonjwa vidonge nyumbani ili apone upesi, anamwongezea kukakamaa.

Watu wananiuliza, hizi mpya zina nguvu zaidi? Ukiiweka klozapini pembeni, katika kuondoa sauti tofauti ya hizi mpya na za zamani ni ndogo. Zinapotofautiana sana ni kwenye madhara. Risperidoni ikizidi dozi inakakamaza karibu sawa na haloperidoli.

Matumizi yake ni skizofrenia, na baipola mtu anapopanda. Kwetiapini inatumika pia baipola inaposhuka kwenye huzuni nzito. Baadhi huongezwa juu ya dawa za sonona pale sonona imegoma. Risperidoni na aripiprazoli hupewa watoto wenye usonji wanaojipiga au kuwa na hasira kali; usonji wenyewe hauondoki. Na bibi aliyepoteza kumbukumbu msimpe vidonge vya mjukuu ili alale. Kwa wazee wenye ugonjwa huo dawa hizi zinaongeza hatari ya kifo. Tahadhari hiyo ilitolewa Marekani mwaka 2005.

Nataka nikae kidogo kwenye unene, maana hapa kwetu unatudanganya. Kijana ametoka kukonda, hali chakula, haogi. Anaanza olanzapini, anakula. Miezi mitatu baadaye shati halifungi kifungo cha tumboni, na watu mtaani wanampongeza mama yake: dawa imemkubali. Mimi nikimwona namuuliza anaamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa, na kama ana kiu isiyokatika. Olanzapini na klozapini zinaongoza kwa kupandisha uzito, sukari na mafuta kwenye damu. Mpimeni uzito kabla hajaanza, muuandike kwenye daftari lake la kliniki, na sukari ipimwe. Mzani tu wanaosimama juu yake akina mama kwenye kliniki ya watoto unatosha kuanzia. Ugali upunguzwe, soda iachwe, atembee.

La pili hasemi mtu hadharani, mimi nitalisema. Risperidoni inapandisha prolaktini. Msichana hapati siku zake, matiti yanatoa maziwa, nyumba nzima inahesabu miezi na kumuuliza nani kampa mimba. Nimemwona binti aliyeacha dawa kwa sababu ya aibu hiyo, na sauti zikarudi. Apimwe mimba, na ikiwa hana, dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Na wanaume nguvu zinapungua. Hawatasema mbele ya mke wala mbele ya mama, kwa hiyo mhudumu umuulize akiwa peke yake.

Klozapini ina habari yake. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walikufa Finland kwa sababu chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, ziliporomoka, na dawa ikaondolewa nchi nyingi. Ilirudi baada ya utafiti wa John Kane na wenzake wa mwaka 1988: kwa watu ambao dawa nyingine zilishindwa, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Kwa mgonjwa aliyeshindikana, hakuna inayoizidi. Ila lazima apimwe picha kamili ya damu, kila wiki katika miezi ya mwanzo.

Hapa wahudumu nawaomba sana. Kwetu mtu akipata homa jibu la kwanza ni malaria. Anayetumia klozapini akipata homa au koo kuuma, pimeni malaria, ndiyo, lakini siku hiyo hiyo apelekwe akapimwe chembe nyeupe. Malaria ikionekana msiishie hapo. Na anayetumia dawa yoyote ya saikosisi akipata homa kali, mwili mgumu kama ubao, na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura inayoua. Msimpe kidonge kingine cha dawa hiyo, mkimbizeni hospitali. Choo kigumu kwa mtumia klozapini nacho si jambo dogo, kinaweza kuziba utumbo. Na sigara: moshi wake unapunguza klozapini na olanzapini mwilini, kwa hiyo anayeacha kuvuta amwambie daktari, maana dozi ile ile itakuwa nyingi kwake.

La mwisho ni kuacha. Sauti zikinyamaza, mgonjwa na familia wanaona amepona. Baada ya tukio la kwanza tunashauri dawa iendelee angalau mwaka mmoja, wengine zaidi, na ikipunguzwa ipunguzwe polepole daktari akijua. Kama madhara yamemshinda, aje aseme. Tutapunguza, tutabadilisha, au tutampa sindano ya mwezi kama vidonge ndivyo vinavyomchosha. Hakuna atakayemfokea.

Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema habari ya maziwa. Karibu mama, uliza.