Sumu Isiyoliwa Haiui

Ndugu zangu, mwezi uliopita mzee mmoja wa Igoma aliniita kwenye mashimo ya matofali. "Daktari, dawa yenu ya viluwiluwi wa mbu maji matupu. Nimenyunyiza juzi, wadudu wanacheza tu." Nikachota kwa bakuli. Kweli walikuwa wanacheza, ila wote ni pupa, yaani viluwiluwi waliokwisha kukua na karibu wawe mbu, wale waliojikunja kama alama ya mkato. Pupa hali chochote! Na sumu hii mdudu asipoila haimfanyi kitu, hata akiogelea humo mchana kutwa. Mzee alichelewa siku chache tu.

Sikilizeni inavyoua. Bakteria wa dawa hii anaitwa Bti. Huyu, aliyepatikana mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli, anapotengeneza spora, yaani mbegu zake za kujihifadhi, hutengeneza pia fuwele za protini. Majini fuwele imelala. Kiluwiluwi anaimeza pamoja na chakula chake. Tumbo lake ni kama maji ya magadi, pH inapita 10. Humo fuwele inayeyuka, vimeng'enya vinaikata, na hapo ndipo inakuwa sumu. Inanasa kwenye vipokezi, yaani vishikizo vya utando wa seli za utumbo, molekuli zinaungana, zinajichomeka, zinatoboa. Tundu ni dogo mno, lakini chumvi na maji vinaingia bila mpangilio, seli inavimba, inapasuka. Mdudu anaacha kula. Kesho yake amekufa.

Nasikia minong'ono: na sisi tunaoteka maji? Mama, tumbo lako lina asidi, si magadi, na seli zako hazina vipokezi hivyo. Na sato wetu hadhuriki.

Na msiniambie habari ya kumwaga oili chafu majini ili kuua viluwiluwi! Oili inaua kila kinachopumulia juu ya maji, na mvua ikinyesha yote inateremka mto Mirongo mpaka ziwani. Nimelisema hili kila kata ninayoitwa.

Usugu, yaani mbu kuizoea sumu, kwa haraka. Bti ana sumu kadhaa. Moja, Cyt1Aa, haihitaji kipokezi cha protini. Inashika mafuta ya utando wenyewe, kisha inakuwa kipokezi cha sumu mwenzake, Cry11Aa. Mbu atakwepea wapi? Bakteria mwingine wa kuua viluwiluwi, sphaericus, hutegemea kipokezi kimoja, na mbu aina ya Culex wameshaizoea sumu yake sehemu mbalimbali duniani.

Mzee wa Igoma sasa ananyunyiza kila wiki, maana dawa huzama haraka. Kesho asubuhi ni zamu yake. Anayetaka kuona aje na bakuli.