Sanda ya jiwe: makaburi ya familia ya di Sangro kule Naples

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Leo siwapeleki kwenye kanisa kubwa, tunaingia kikanisa cha familia moja tu, kipo kichochoroni karibu na uwanja wa San Domenico Maggiore mjini Naples, ukiwa na haraka unapitiliza kabisa maana kwa nje hakina mambo mengi. Kinaitwa Cappella Sansevero. Familia ni di Sangro, mamwinyi wenye ardhi na vyeo, na mwaka 1613 mmoja wao, Alessandro, akakipanua ili wawe wanazikana humo. Mpaka hapo hakuna jipya, matajiri wa Italia wengi walifanya hivohivo.

Aliyekibadilisha ni Raimondo, prinsi wa saba wa Sansevero, hicho ni cheo cha kimwinyi cha ukoo wao, kazaliwa 1710 kafa 1771. Sasa huyu mama yake alifariki yeye hajafikisha hata mwaka mmoja. Na baba, Antonio, ndo hivyo tena, maisha ya starehe, huku na kule, kuja kutulia uzeeni akawa padri. Kwahiyo Raimondo kakua bila mama na baba hayupo, alafu ukubwani ana hela na ana kikanisa, anaita mafundi.

Kaburi la mama kalichonga Antonio Corradini, 1752. Ni mwanamke kafunikwa shela kuanzia kichwani, shela la marumaru jamani, lakini jepesi mpaka kitovu unakiona, na pembeni yake kuna bamba la kaburi limevunjika, yaani maisha yaliyokatika mapema. Wataalamu wanasema ile ni sanamu ya Staha, yaani haya na adabu imechongwa kama mtu, sawa, siwapingi. Ila mimi nikiangalia namuona mtoto ambaye sura ya mama haijui, akasema basi mnichongee huyohuyo, uso chini ya kitambaa.

Baba naye yupo ng'ambo ya pili, kazi ya Francesco Queirolo. Mwanaume anajinasua kwenye wavu, malaika anamsaidia, wavu ni dhambi zake. Nyie mnaotoka kwa wavuvi mnajua kufuma wavu kwa uzi tu ni shughuli, sasa huyu katoboa kila tundu kwenye jiwe na patasi, akikosea pigo moja kazi yote imekwisha.

Katikati ndo kuna Kristo mwenye sanda, 1753. Corradini alishaandaa mfano wa udongo lakini akafa, kazi akapewa kijana wa Naples palepale, Giuseppe Sanmartino, umri 33. Sanda imelala juu ya maiti kama imelowa, mshipa wa paji la uso unaonekana, miguuni kuna koleo, misumari na taji la miiba. Watu wakaona hapana, hii siyo mikono ya mtu, wakazusha kwamba prinsi alifunika sanamu kwa kitambaa cha kweli akakigeuza jiwe kwa dawa zake. Na kweli alikuwa mtu wa kutiliwa mashaka, frimasoni, anachanganya madawa usiku, kitabu chake Kanisa likakipiga marufuku. Lakini kuna hati ya malipo ya tarehe 16 Desemba 1752, ducati 50, hela ya Naples ya enzi hizo, kwa Sanmartino, na prinsi mwenyewe kaandika kwenye barua kwamba sanda na mwili ni jiwe moja. Sasa mimi hapa huwa nakasirika kidogo, maana ni tabia yetu hata huku, fundi akifanya kitu kizuri sana tunasema kaenda kwa mganga, mtu kavuta vumbi la marumaru miezi na miezi, sifa anapewa tunguri!

Hata ile mifupa ya watu wawili, mizima, iliyozungukwa na mishipa ya damu, ipo chumba cha chini, watu walisema prinsi aliua watumishi wake wawili akawadunga dawa. Watafiti walipokuja kupima wakakuta mishipa ni nta ya nyuki, waya na hariri.

Kemia ya prinsi kama mnaitaka ipo kwenye kaburi lake mwenyewe. Halina sanamu kama ya mama, ni bamba lenye maandishi, na inaelezwa zile herufi hazikuchongwa, alizitoa kwa dawa aliyobuni yeye. Juu yake kuna picha yake ya rangi. Imechakaa, sura unaikisia tu.