Mgonjwa Akisema "Basi": Sheria Inasemaje?

Wauguzi, wanafunzi, na nyinyi wazee mliojitahidi kufika, hamjambo.

Nianze na kesi mbili za Afrika Kusini ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya Durban, 1992. Bwana Clarke, mwenyewe daktari, moyo ulisimama, ukashtuliwa ukarudi, lakini ubongo ukawa umeharibika kabisa. Akawa analishwa kwa mpira. Alipokuwa mzima alikuwa ameandika kwamba asirefushiwe uhai wa namna hiyo. Mkewe akaenda mahakamani, na jaji akasema akikomesha kulishwa kule hatakuwa ametenda kosa.

Ya pili ni ya Pretoria, 30 Aprili 2015. Wakili Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, aliomba daktari amsaidie kufa. Jaji akamkubalia, kumbe mwenyewe alikuwa ameshafariki asubuhi ile ile. Desemba 2016 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo.

Kukataa matibabu na kuomba sindano ya kufa ni mambo mawili. Hapa Kenya, kumsaidia mtu kujiua ni kifungo cha hadi maisha, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu. Kukataa matibabu ni haki yako. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka daktari akueleze hali yako, tiba zilizopo, gharama zake, na kwamba unaweza kuzikataa.

Mimi sioni kwa nini tugombanie sindano wakati haki hii tuliyo nayo tunanyang'anyana wenyewe. Nyinyi wa wodini mnajua. Majibu yametoka, kifungua mimba anamvuta daktari koridoni: "Daktari, mzee asijue, presha itampanda." Mzee anawaona kupitia mlangoni. Kesho anaambiwa ana vidonda vya tumbo, anaanzishiwa kemo, dawa za saratani, na shamba linatafutiwa mnunuzi. Atakataaje asichokijua? Sheria inaruhusu kumficha mgonjwa ukiwepo ushahidi wa kutosha kwamba kujua kutamdhuru. Hofu ya mwanawe si ushahidi.

Halafu kuna mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Wengi wanaosema "niacheni nife" wanataka maumivu yaishe. Uganda waliliona hilo mapema: tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, wanaruhusiwa kuiandika, na mgonjwa anakunywa mofini ya maji nyumbani kwake. Huku kwetu bado nasikia kwamba ukianzishwa mofini umeshaandikiwa kufa. Si kweli. Muuguzi anayeitoa kwa kipimo cha kutuliza maumivu hajaua mtu, na asitetemeke mkono.

La mwisho, kifungu cha 9 cha Sheria hiyo hiyo ya Afya. Ukifika mahali huwezi kujisemea, anayetoa idhini ni yule uliyemteua kwa maandishi. Si lazima awe kifungua mimba. Anaweza kuwa binti wa mwisho, au rafiki mliyesoma naye. Andika jina lake, tia sahihi, mpe nakala, na mwambie unataka nini, maana karatasi peke yake haitamwambia.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, naona mkono uko juu tangu niitaje presha.